Beseni la Udongo

Siku ya kisomo cha arobaini cha marehemu mzee Kibwana, pale mtaani Kamalondo, Abibu aliona birika la kunawia limekaa bila mtu wa kulishika, akaliinua. Halikuwa jambo kubwa. Mtu akiwa kwenye kisomo cha wenzake hutafuta kazi ya kufanya, na kuwamiminia wageni maji ni kazi ya heshima isiyomchosha mtu mzima. Alianza na mwalimu Yusufu, aliyesomesha watoto msikitini, naye akanawa akimshukuru. Kisha akasogea kwa Amuri, mfanyabiashara wa vitambaa. Amuri alikuwa amekwisha kunyoosha mikono yote miwili. Alipoinua macho akaona ni nani mwenye birika, akairudisha mikono yake na kuifuta kwenye kanzu, ingawa ilikuwa mikavu.

"Acha tu, ndugu yangu," akasema kwa upole. "Mi nitanawa ku nyumba."

Upole ule ndio uliouma. Watu wakaanza kuangalia mikeka. Mtu mmoja akaja akalichukua birika mikononi mwa Abibu, akapotea nalo nyuma ya nyumba, na liliporudi lilikuwa limesuguliwa likang'aa. Wenzake walipozunguka sinia, Abibu aliletewa sahani ya peke yake, pembeni. Akala. Angefanya nini? Wali ulikuwa mzuri, na kususia chakula cha arobaini ni kumkosea marehemu, ambaye katika hili hakuwa na hatia yoyote.

Kosa la Abibu lilijulikana Kamalondo nzima. Alikuwa muuguzi wa mbwa wa polisi. Hakuwa polisi, hakuvaa sare wala hakupewa kirungu. Alikuwa mtu wa raia aliyeajiriwa kuwachoma mbwa sindano, kuwatoa kupe, kuwashona wakiumia na kuwazalisha wakiwa na mimba. Alivaa koti jeupe la kazi, na watu wa kambi walimwita Docta ya Imbwa, tena si kwa dhihaka. Kwa Mngwana mzaliwa wa Kasongo, Mwislamu asiye na cheti cha ubatizo, katika mji ambao cheti hicho kilifungua karibu kila mlango wa ofisi, ile ilikuwa bahati ya kushukuriwa asubuhi na jioni. Kazi ya wanyama alikuwa ameifunza kwa daktari mmoja Mzungu kwenye shamba la ng'ombe. Polisi walipotafuta mtu wa mbwa, hakuna aliyemwuliza anasali wapi. Abibu hakuisahau fadhila ile, na kila mwezi alimtajia mkewe kana kwamba imetokea jana.

Ila msikitini hesabu ilikuwa nyingine. Mate ya mbwa ni najisi. Chochote kilichoguswa na mbwa aliyelowa lazima kioshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Abibu alilijua hilo sawasawa na wao. Aliosha, akasali, akaja msikitini na kofia yake nyeupe, na bado mtu aliyesali kando yake alikunja pembe ya kanzu isimguse. Siku za kawaida aliweza kuvumilia. Lakini Amuri alikuwa baba wa Saidi, na Saidi, fundi cherehani, ndiye aliyetaka kumwoa binti pekee wa Abibu.

*

Nyumbani kwake Abibu hakuingia moja kwa moja. Mlango wake ulikuwa wa nyuma. Pale Asha, mkewe, aliweka ndoo ya maji na beseni dogo la bati lenye udongo wa kichuguu, umechungwa ukawa laini. Abibu alivua koti na suruali ya kazi, akavitundika kwenye mti, akanyoosha mikono. Asha akamwaga udongo, akamwaga maji, akamwaga tena na tena, midomo ikihesabu bila sauti. Hakumwamkia mpaka amalize. Miaka yote hiyo Abibu alisimama pale kifua wazi, kwenye jua au kwenye baridi ya mwezi wa saba, akifikiri kwamba hata huyu, mwenye kulala naye, anamwonea kinyaa. Hakuwahi kumwuliza. Kuna maswali ambayo mwanamume huyaogopa kuliko mbwa mkali.

Jioni moja, wiki ile ile ya kisomo, Asha alimaliza kuhesabu akasema mwalimu Yusufu alipita mchana.

"Ametumwa na Baba Saidi," akasema. "Anasema hakatai mutoto. Mutoto anamupenda. Anakataa kazi. Ukiacha imbwa, ndoa iko. Usipoacha, batatafuta kwengine."

"Na weye unasema nini?"

"Mi nasema vaa shati, chakula inapoa."

Walikula pamoja, Asha na binti wao Mawazo na yeye, mikono mitatu katika sinia moja. Hapo tu ndipo Abibu alipokula na watu. Alimtazama Mawazo akichagua mifupa ya samaki na kuisogeza upande wake mwenyewe, ili baba asihangaike nayo, kama alivyofanya tangu utotoni. Msichana alikuwa amelia. Macho yalimvimba, ila alikuwa amejipaka poda juu yake.

Abibu akamwuliza kama anamtaka kweli yule fundi cherehani. Mawazo akainamisha kichwa. Saidi, akasema, ameapa atamngoja. "Lakini baba yake akisema hapana, atangoja mupaka wapi, Baba? Na weye usiache kazi juu yangu. Mi sitaki usiache." Akajikwaa katika maneno yake mwenyewe, kwa sababu alitaka yote mawili na alijua hayakai pamoja.

Hiyo kazi ndiyo iliyomjengea nyumba ya matofali. Ndiyo iliyomlipia Asha matibabu alipougua mapafu. Huko nje hakuna aliyekuwa anamngojea Mwislamu wa makamo anayejua kutibu mbwa. Mashamba ya ng'ombe yalikuwa na watu wao. Abibu alijua akiacha ataishia kuuza karanga kwenye kibao barabarani, na atasema Alhamdulillahi, na ataisema akiwa ameuma meno. Lakini alimwangalia mtoto, na uamuzi ukawa umekwisha kufanyika kabla hajanawa mikono.

"Mwambie mwalimu nitaacha," akamwambia Asha. "Dimanche batu ya Baba Saidi bakuye. Mwisho wa mwezi mi si muntu wa imbwa tena."

Asha akahesabu siku zilizobaki mpaka Jumapili. Alichukua lile beseni la udongo, akalifunika kwa ungo ili kuku wasilichakure, akaenda kulala.

*

Komiseri Gérard, Mzungu mkuu wa polisi, alimwacha Abibu asimame barazani muda mrefu, mlango ukiwa wazi, akimwona. Alipomwita hakuinua kichwa. Aliuliza kama kampuni ya migodi imemuahidi mshahara mkubwa zaidi. Abibu akasema hapana, ni mambo ya jamaa. Komiseri akasema mambo ya jamaa zao hayana mwisho, leo shangazi amekufa, kesho amefufuka. Kisha akasema sawa, mwisho wa mwezi, na kabla ya hapo amfundishe mtu mwingine kazi. Miaka kumi na mbili ikaisha hivyo, kama mtu anavyozima sigara. Abibu alisema asante, na akagundua, akishuka ngazi, kwamba aliisema kwa moyo. Mtu yule hakuwa na adabu, lakini alimpa kazi wakati wengine walimwuliza jina la mtakatifu wake.

Kwenye mabanda, Rigobert alikuwa anampiga Sultan brashi. Wazungu ndio waliompa mbwa yule jina, na Abibu, aliyekulia katika nyumba zilizowataja masultani kwa heshima, ilimchukua mwaka mzima kuweza kumwita bila kuona aibu. Rigobert alikuwa Muluba wa kaskazini, Mkatoliki wa kuvaa medali ya Bikira Maria ndani ya sare, askari mwenye mikono mikubwa na moyo mwepesi. Mbwa wa polisi akifa, askari wake ndiye anayeulizwa, na mwaka uliopita Sultan alipokula nyama yenye sumu, Abibu alikaa naye bandani mpaka akatapika yote, akamnywesha maziwa kwa chupa. Tangu siku ile Rigobert alimwona Abibu kama mtu wa ukoo wake, akamwita Chef, yaani mkubwa wake.

"Chef, banasema unaenda. Ni kweli?"

Abibu akasema ni kweli. Rigobert akauliza kwa nini. Hapo ulimi wa Abibu ukawa mzito. Utamwambiaje mtu kwamba mnyama anayegawana naye mkate wake ni uchafu? Rigobert angeumia, na hakuwa amemkosea mtu. Basi Abibu akasema nusu ya ukweli, ile nusu nzuri.

"Mutoto wangu anaolewa. Dimanche bakwe banakuya. Na mimi nimechoka, sasa nipumzike."

"Dimanche, nyuma ya misa?"

"Sisi hatuna misa, Rigobert. Lakini ndiyo, saa sita ya muchana."

Rigobert akairudia ile saa. Aliendelea kupiga brashi, akitabasamu peke yake, na Abibu, aliyejua kusoma uso wa kila mbwa katika banda lile, hakuusoma uso wa rafiki yake. Angeusoma, angekimbia kwenda kumwambia yote.

*

Jumapili mvua ilinyesha asubuhi ikaacha. Ua wa Abibu ulifagiwa, mikeka ikatandikwa, masinia ya shaba yaliyoazimwa nyumba tatu yakapangwa tayari. Mama Albertine, jirani wa upande wa kushoto, Mkatoliki aliyepika vizuri kuliko Waislamu wengi, alikuwa ametoka misa ya kwanza na kuja kusaidia. Pilau ilikuwa imekwisha kuiva, imefunikwa, mkaa juu ya kifuniko. Mawazo alikuwa chumbani na wasichana wenzake. Abibu alivaa kanzu mpya. Hakuwa amegusa mbwa tangu Ijumaa, na kila dakika alijinusa kiganja.

Wageni walifika na mwalimu Yusufu mbele. Nyuma yake Amuri, mwembamba, na fimbo yake, kisha Saidi na wazee wengine. Salamu zikaenda na kurudi. Mwalimu akaeleza kilichowaleta, ingawa kila mtu alikijua, akaongeza kwamba Baba Mawazo amekubali neno la wazee na kazi anaiacha. Amuri akaitikia kwa kichwa. Akasema anafurahi, na kweli alionekana kufurahi. Hakuwa mtu mbaya. Asha akachungulia kutoka jikoni na kumpa mumewe ishara. Abibu akalichukua birika, lao wenyewe, jipya, akaenda kumnawisha mkwewe.

Hapo lango likafunguliwa.

Rigobert aliingia kwanza, sare imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, vifungo vinang'aa. Nyuma yake askari wawili, Paulin na mwenzake. Na kati yao mbwa wawili wakubwa wameoshwa, wamepakwa mafuta, wamefungwa utepe mweupe shingoni: Sultan na jike wake Diane. Rigobert akapiga saluti. Walikuwa wamekuja, akasema kwa sauti ya paredi, kumpa heshima chef wao siku ya mtoto wake, na hawa wawili aliowaponya wasingeweza kukosa.

Wazee wakakusanya kanzu zao. Diane, ambaye Abibu alimzalisha watoto sita bila kupoteza hata mmoja, alimwona mtu wake, na furaha ikamshinda adabu. Alimponyoka Paulin, akakanyaga mikeka kwa miguu ya matope, akaulamba mkono wa Abibu ule ule ulioshika birika, akalamba na birika. Kisha, kwa kuwa alikuja njia nzima kwenye madimbwi, akasimama katikati ya masinia na kujikung'uta. Matone yakaruka pande zote. Yakafika kwenye kanzu ya mwalimu Yusufu. Yakafika kwenye magoti ya Amuri.

Abibu alitamani ardhi immeze na kanzu yake mpya. Aliona dirishani uso wa Mawazo, na hakuweza kuutazama mara mbili. Amuri akainuka polepole, akiegemea fimbo. Paulin alikuwa amemkamata Diane na kumvuta nje ya lango pamoja na Sultan. Rigobert alibaki amesimama, mkono bado nusu ya saluti, akiangalia nyuso moja moja bila kujua amevunja nini.

"Chef, nimekosa nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

Amuri ndiye aliyejibu, na hakupaza sauti.

"Mwaka ile ya vitambaa yenye ilivuka mupaka pa Mokambo, polisi balikuya ku nyumba yangu na imbwa. Balitafuta vitambaa ya magendo, habakuona kitu. Imbwa akapita juu ya musala wangu wa kusalia, na miguu ya matope, mi niko naangalia. Nikasema, tafazali, mumutoshe inje. Mumoja akacheka. Bakaenda, na hakuna muntu alisema pole. Ile musala ilikuwa ya baba yangu. Nilifua, nikafua tena, mupaka inapasuka. Mupaka leo nikiinama kusali naona ile miguu."

Basi ikajulikana. Miaka yote Abibu alifikiri ni sheria, na sheria alikuwa anaitii. Kumbe palikuwa na jeraha, na yeye kila alipopita na harufu ya banda alilitonesha. Alibaki na birika lililolambwa, ameliweka mbali na mwili wake.

Rigobert alivua kofia ya sare. "Baba," akasema, "mi sikukuwa pale. Lakini nguo ni hii hii. Na leo tena nimekuletea imbwa, nikizani ninaleta heshima. Hakuna alituambia." Akamgeukia Abibu. "Chef, juu ya nini hukuniambia?"

"Niliona haya," akasema Abibu. "Weye ni muntu muzuri. Sikutaka usikie kama imbwa yako iko muchafu kwetu."

Rigobert akafikiri juu ya hilo, akalimeza. Kisha akamwuliza mwalimu Yusufu kama kuna dawa. Kama dawa ni maji, wataleta maji. Kama ni kupiga magoti, wamezoea kanisani.

Mwalimu Yusufu alimtazama Amuri, akatazama matone kwenye kanzu yake mwenyewe. Alikuwa mtu aliyependa amani, na mara nyingi amani hiyo ilikuwa ya kukaa kimya. Safari hii alisema. "Iko mayi. Mara saba, ya kwanza na udongo. Ikioshwa vile, inakuwa safi, na kisha muntu asiulize tena. Sheria yetu haiombi zaidi." Akatazama matope ya uani. "Ila hii udongo imekanyangwa. Tunatoa wapi udongo safi?"

"Udongo uko," akasema Mama Albertine kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Mama Mawazo anachungaka kila wiki. Miaka yote namuona na ungo. Mi nilizania ni dawa ya tumbo."

Asha alikuwa amekwisha kutoka na beseni la bati. Aliliweka mbele ya Amuri, akapiga goti kidogo kama mke anavyosalimia mkwe, na akaongea macho yakiwa chini, lakini kila neno lilisikika mpaka barabarani.

"Baba Saidi, tangu bwana yangu alianza ile kazi, hajaingia mu nyumba hii bila kunawa mara saba, na udongo. Siku ya baridi, siku ya homa. Chakula yangu haina neno. Nilifanya vile ili siku muntu akiuliza, nikuwe na jibu, na yeye asipate haya. Nilingoja muniulize. Mulichukua birika mukononi yake, hamukuuliza." Akanyamaza, kisha akamgeukia mumewe kidogo tu. "Hata weye haukuniuliza."

Abibu akaliweka birika chini. Kumbe midomo ile iliyohesabu kila jioni haikuwa na kinyaa. Ilikuwa inamjengea ukuta, maji juu ya maji, ili siku moja asimame mbele ya watu bila doa. Mbele ya wazee wote, kinyume cha desturi, akasema, "Asante, Mama Mawazo," na sauti yake ikakatika katikati. Wazee wakajifanya wanatafuta viatu vyao.

*

Maji yalikuwa kwenye robine, bomba la kona, na siku ya Jumapili robine ya kona ina mstari mrefu wa wanawake na ndoo. Walipomwona Rigobert na mwenzake wakija na sare na ndoo mbili mbili, wanawake wakasogea upesi kupisha. Polisi hapangi mstari. Rigobert akakataa. Akasimama nyuma ya mwanamke wa mwisho, kofia kwapani, na vicheko vikaanza, mpaka watu wa baa ya jirani wakatoka kutazama askari wa serikali akingoja zamu ya maji.

Waliosha uani, magoti kwenye matope. Masinia kwanza, kisha birika, kisha mikeka. Rigobert alisugua kwa udongo na kuhesabu kwa Kifaransa. Mwalimu Yusufu alisimama juu yake akihesabu kwa Kiarabu. Wakafika mahali hesabu zikatofautiana, mmoja akasema tano, mwingine akasema nne. Wakabishana kwa heshima, kisha wakaanza upya. Pilau ilikuwa salama chini ya vifuniko vyake, na vifuniko navyo vikaoshwa. Mwalimu akavua kanzu yake akabaki na shuka, akaiweka kwenye foleni ya vitu vya kuoshwa bila kinyongo. Abibu alinawa mkono wake mwenyewe, Asha akimwagia, na kwa mara ya kwanza akahesabu naye kwa sauti.

Amuri, magoti ya kanzu yakiwa yameoshwa tayari, alikuwa amekaa kwenye kiti alicholetewa. Alitazama yote. Rigobert alipomaliza mkeka wa mwisho alimwendea, mikono imejaa matope mpaka viwiko.

"Baba, ule musala uko wapi?"

"Ule nilikwisha fua," akasema Amuri. "Nimekuambia, nilifua mupaka inapasuka."

"Weye ulifua. Mwenye makosa hakufua."

Fimbo ya Amuri ilichora kitu kwenye udongo, ikakifuta. Kisha akamwita Saidi, akamwambia jambo sikioni, na kijana akatoka mbio. Nyumba yao haikuwa mbali, avenue mbili tu. Alirudi na msala mwekundu uliofifia, umekunjwa kwa kamba, pembe moja imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Rigobert aliupokea kwa mikono miwili kama padri anavyoshika mkate wa misa. Aliuosha taratibu, kwa udongo, kisha kwa maji, akiangalia asivute nyuzi zilizochoka. Hakukuwa na mabishano ya hesabu safari hii. Amuri alihesabu mwenyewe.

Msala ulipotundikwa kwenye kamba ya nguo, maji yakichuruzika, Amuri alifuta uso kwa ncha ya kilemba na kumwita Abibu.

"Baba Mawazo, ile kazi. Ulikwisha sema kwa Muzungu yako?"

"Nilisema. Mwisho wa mwezi."

"Kesho urudi, umwambie hauendi." Alikohoa, kwa sababu haikuwa rahisi. "Kama weye unatoka, nani atabaonyesha bale polisi bengine namna ya kuingia mu milango ya bantu? Bako na sisi mu mji moja. Ukae nabo, na ndoa iko."

Abibu alitaka kusema mambo mengi. Alitaka kumshukuru yeye, na Rigobert, na Mama Albertine, na Mungu, na hata Komiseri Gérard asiyekuwa na adabu, na hata Diane aliyekuwa nje ya lango akilia kwa kutengwa na sherehe aliyoiharibu. Badala yake alisema ndiyo, kesho atakwenda. Dirishani Mawazo alikuwa amefunika mdomo kwa kitambaa, na mabega yalikuwa yanatikisika. Hakuna aliyejua kama ni kicheko au kilio, na haikuwa lazima kujua.

Asha akatoa ishara tena kutoka jikoni, ile ile ya mwanzo. Watu walikuwa na njaa. Masinia yakaletwa yakiwa bado na unyevu, pilau ikapakuliwa, na Rigobert na wenzake wakaambiwa wakae na wazee, wasijitenge, mbwa wamefungwa kwenye mti wa barabarani na Mama Albertine amewapelekea mifupa. Abibu akasimama na birika. Miguu yake haikujua iende kwa nani kwanza.

"Kuya hapa," akasema Amuri, akakunja mikono ya kanzu. "Mi sijanawa tangu kisomo ya mzee Kibwana."

Akanyoosha mikono yote miwili. Abibu akamimina, taratibu, akiangalia maji yakipita kwenye viganja, vidoleni, mpaka kwenye mishipa ya mzee. Alimimina na hakuacha, kwa sababu alijua akiacha atalia. Yalikuwa maji mengi kupita haja ya kunawa, na Amuri hakuirudisha mikono yake.